Ulimi wa Kengele ya Meli

Asubuhi ile nilikuwa nimepiga magoti kwenye gati, nikipima mawe kwa utepe wa fundi cherehani. Utepe wa chuma niliusahau nyumbani Ruangwa, juu ya orodha ya vitu ambavyo sikutakiwa kuvisahau. Mzee Amade alikuwa ameketi juu ya kile kisiki cha chuma ambacho zamani kilifungiwa kamba za meli, akinitazama kama anayemtazama kuku akijaribu kuogelea.

"Mmwera," aliniita. Jina langu alilijua, ila hakuwahi kulitumia. "Hiyo unayopima ni gati au suruali?"

Mimi ni mzaliwa wa Nambambo, Nachingwea, ambako bahari ni habari ya kusikia. Baba yangu alikuwa akituonyesha tuta la reli ya zamani na kutuambia kwamba matrekta ya mashamba ya karanga yalivuka bahari ndani ya meli, yakapanda treni, yakaja kung'oa miti yetu. Karanga zilishindwa, reli nayo ikang'olewa, lakini ile meli ilibaki kichwani mwangu. Nikaenda nayo mpaka chuo kikuu. Nimeandika kurasa nyingi kuhusu meli za mvuke na bandari ndogo zilizozihudumia, na mpaka navuka miaka arobaini na tano sikujua kuogelea. Bado sijui.

Bandari ile iko ng'ambo ya Ruvuma, Cabo Delgado. Jina la mji naliacha, kwa sababu walionusurika bado wana ndugu kule.

Katika ujana wake Mzee Amade alikuwa mtia makaa kwenye meli ya mwisho ya mvuke iliyofika pale. Siku moja meli ilikwama mwambani na haikunasuka tena. Ilipokatwakatwa kuwa chuma chakavu, wenzake waliomba mbao na mabati. Yeye aliomba kengele, akaitundika kwenye nguzo ya gati. Tangu hapo kazi yake ilikuwa moja. Chombo kikiingia kwenye mkono wa bahari, alipiga mara tatu, akatulia, akapiga tena mara tatu. Mji mzima ulijua: chombo kimefika, shukeni. Haikupigwa kwa harusi wala kwa moto. Niliwahi kumwomba aipige ili tu nisikie mlio wake.

"Chombo kiko wapi?" aliuliza.

"Hakuna, mzee. Ni kwa ajili ya utafiti."

"Basi utafiti wako usubiri chombo."

Yeye Mmakua, mimi Mmwera, kwa hiyo tulikuwa watani. Kwetu kusini utani si maneno matupu. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo ukanyamaza. Ukifiwa, yeye ndiye anayefanya yale ambayo ndugu hawayawezi kwa uchungu: huchimba, hubeba, humwigiza marehemu mpaka wafiwa wacheke. Tena ana haki ya kushika kitu cha marehemu na kukaa nacho mpaka wafiwa wakikomboe kwa kitu kidogo, kwa kawaida kuku. Kikishakombolewa, msiba umefungwa.

Binti yake, Zaina, alikuwa ametuletea uji. Mkewe, Bi Fatu, alikuwa ng'ambo ya pili ya ule mkono wa bahari, kwenye mikoko, akiokota kombe na wanawake wenzake. Maji yalikuwa yamekupwa, na tope lilitanda kutoka gati hadi kule.

Tulisikia milio kutoka upande wa sokoni.

Nilisema ni pikipiki yenye bomba bovu. Nilisema kwa uhakika wa mtu aliyesoma, kisha nikaendelea kupima.

"Inuka," alisema Mzee Amade. "Pikipiki haifuatwi na watu wanaolia."

Tuliingia kwenye ghala la zamani la makaa, lililokuwa hatua chache kutoka kwenye kengele. Kupitia ufa wa ukuta niliona watu wakikimbia juu ya tope kuelekea mikokoni, wengine wamebeba watoto, mmoja amebeba redio. Nyuma yao moshi ulikuwa umeanza.

Kisha walikuja watatu wenye bunduki.

Wawili walikuwa wageni. Wa tatu alikuwa kijana wa pale pale. Mzee Amade alimtambua kwa sauti kabla ya kumwona.

"Wamejificha kule," kijana aliwaambia wenzake. "Mkipiga kengele hii watadhani boti imekuja. Watatoka wenyewe."

Mmoja wao alicheka. Walikubaliana kwenda kwanza kuwaita wenzao, ili watu wakitoka, wao wenye bunduki wawe wengi wa kuwapokea.

Waliondoka.

Mzee Amade alitoka, akafika kwenye nguzo, akaingiza mkono ndani ya kengele. Miaka yote alikuwa akiipaka mafuta pini inayoushikilia ulimi wake, na ilitoka bila sauti. Alirudi ameshika ulimi wa kengele, kile kipande cha chuma kinachoigonga kwa ndani, chenye urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi kiganja, akaniwekea mapajani.

"Shika, mtani."

"Mzee, nitafanya nini nacho?"

"Utakishika. Hiyo nayo inahitaji shahada?"

Boti ya chumvi ilitarajiwa maji yakijaa, na nahodha akiuona moshi angegeuza. Kwa hiyo Mzee Amade alitugawa kazi. Mimi na Zaina twende kwenye rasi tukaisimamishe boti na kuielekeza nyuma ya mikoko. Yeye angevuka tope awaambie watu kwa mdomo, maana kengele haikuwepo tena ya kuwaambia.

"Na wewe utapandia wapi?" Zaina alimuuliza.

"Kwa mama yako. Nenda."

Ninayejua kuchora boti kwa vipimo ndiye niliyemchelewesha yule binti. Niliteleza kwenye mawe mara nne. Ulimi nilikuwa nimeufunga tumboni kwa ule utepe wa fundi cherehani, na kila nilipoanguka ulinipiga mbavuni.

Tulikuwa tumefika kwenye rasi tuliposikia kengele.

Mara tatu. Kimya. Mara tatu.

Zaina alinishika mkono.

"Hiyo si ya baba."

Ilikuwa sauti kavu, ya chuma kinachogongwa kwa nje. Walikuwa wanaipiga kwa kitako cha bunduki. Idadi ilikuwa sahihi. Kijana wao aliikumbuka vizuri. Lakini mji ule ulikuwa umesikia sauti moja kwa miaka mingi, na hii haikuwa yenyewe.

Kisha risasi. Mbili.

Boti ilikuja maji yalipokuwa yanajaa. Zaina alivua kitenge cha juu akakipunga. Mimi nilipunga daftari langu la utafiti, na nahodha alisema baadaye kwamba alidhani ni mtu wa ushuru. Alikuja hata hivyo. Alizunguka nyuma ya mikoko, na watu wakatoka mikokoni kimya, maji yakiwafika vifuani. Tulipanda ishirini na saba. Nilitapika tangu tulipoondoka hadi tulipouona mwambao wa Tanzania, na hakuna aliyepata nafasi ya kunicheka.

Bi Fatu alikuwamo. Mzee Amade hakuwamo.

Bi Fatu alitueleza kwa maneno machache. Mumewe alifika akiwa na tope hadi kiunoni, akaenda mti kwa mti, akimwambia kila mtu jambo moja: kengele haina ulimi, ikilia msitoke. Watu walimsikia. Lakini mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuwa mbali kidogo, hakuwa amefikiwa. Kengele ilipopigwa alisimama, akatoka, akaanza kuvuka tope. Mzee Amade alimkimbilia. Alimgeuza kwa kumshika mabega na kumsukuma arudi. Yule mama alirudi. Yeye alikuwa amekwishaonekana.

"Alikuwa anakimbia vibaya," alisema Bi Fatu. "Miguu yake haikuwa mizuri."

Yule mama alikuwa ameketi karibu na injini, mtoto amelala. Hatukumtazama. Hakuwa na kosa. Aliamini kengele ambayo maisha yake yote haikuwahi kumdanganya.

Bi Fatu na Zaina nilikuja nao Nambambo. Kaka yangu aliwapa sehemu ya kulima ufuta, na majirani walijenga nyumba kabla mvua hazijaanza. Hakuna aliyeitisha mkutano. Wamakua wa Chiola, ambao babu zao nao walivuka Ruvuma, walileta magunia ya muhogo mkavu wakasema tu, "Karibuni nyumbani." Nimesoma sana kuhusu bandari, na nasema bila haya kwamba bandari bora niliyowahi kuiona ni Nambambo, isiyo na tone la maji ya chumvi.

Siku ya arobaini nilifanya kazi ya mtani. Nilivaa koti kuukuu, nikashika beleshi, nikatembea katikati ya wafiwa kwa mwendo wa Mzee Amade wa kuvuta mguu, nikisimama mbele ya kila Mmwera na kumuuliza kama anajua dohani ya meli au kwao moshi hutoka jikoni tu. Watu walicheka. Kisha nikajigeukia mwenyewe: "Na wewe, Mmwera wa shahada! Hiyo ni gati au suruali?" Hapo Bi Fatu akacheka, mara ya kwanza tangu siku ya boti. Alicheka mpaka akalala ubavu kwenye mkeka. Wanawake walimwacha hivyo, kwa sababu hakukuwa tena na tofauti kati ya kicheko na kilio.

Ulimi wa kengele nilikuwa nimeushika, kama desturi inavyotaka. Nilimwambia nasubiri kuku wangu.

"Subiri," alisema.

Bado nasubiri. Kila mwaka, korosho zikishavunwa, Bi Fatu huja Ruangwa kwa basi, kuku kwapani. Humfunga miguu mlangoni kwangu na kusema, "Leo nimekuja kukomboa, mtani." Huketi, huuchukua ulimi kutoka mezani, huupima uzito mikononi, kisha huupaka mafuta ya ufuta wake mwenyewe, pale pale inapoingia pini, kama alivyokuwa akifanya mumewe. Tunakunywa chai. Ananicheka kwamba nimenenepa kama tishari la mizigo. Mwisho huurudisha mezani.

"Bado," husema. "Sikumwona akizikwa."

Simbishii. Mzee Amade aliwazuia watu ishirini na watano wasiitikie uongo kule mikokoni. Sitakuwa mimi wa kumwambia mkewe kwamba jambo limekwisha, wakati kwake halijaisha. Nimepewa vyeti kadhaa maishani, viko kwenye boksi chini ya kitanda. Cha kujivunia ni kile kilicho mezani, nacho si changu.

Mwaka jana, tulipokuwa tukinywa chai, kuku wake alitaga pale mlangoni. Bi Fatu alilitazama yai, akamwinua kuku, akamrudisha kwapani.

"Yai ni lako, mtani," alisema. "Kuku ni wa mzee."

Akaenda kuwahi basi.