Fundi Makochi na Chumba Kinachobwabwaja

Fundi makochi alikuwa na kawaida ya kupiga hodi mara mbili: mlangoni kwa ajili ya wenyeji, kisha katikati ya chumba, kwa ajili ya chumba chenyewe. Akishaita, huinamisha kichwa na kusubiri kuta zimjibu. "Hiki kinabwabwaja, dada," alimwambia mpangaji. "Neno moja kinalirudisha mara tatu. Mzee ashike lipi?" Mpangaji hakucheka. Baba yake, ambaye uziwi ulianza kumnyemelea, alikuwa amehamia kwake, kwenye sakafu ya vigae na kuta tupu. Kila neno lilimfikia limevurugika, na taratibu naye akaacha kuzungumza. Mwenye nyumba, kwa upande wake, hakutaka kuona hata tundu la msumari.

Fundi hakupiga msumari. Vidole vyake vilivyoota sugu za sindano vilishonea mabaki ya sponji ndani ya mablanketi makuukuu, akayavika kwenye fremu za mbao na kuziegemeza ukutani zimeze mwangwi. "Siku ya kuhama, unazibeba," alimwambia mpangaji. Alifanya kazi akinong'ona, akipiga chafya kwa vumbi la sponji, akiiomba radhi kila fremu aliyoigonga. Alipomaliza, alimwashiria binti aseme chochote. Kwa mazoea, akapaza sauti: "Baba! Chai tayari!"

Mzee akageuka polepole. "Mwanangu, mbona unanifokea mbele ya mgeni? Nimekosa nini?"

Fundi akainama haraka, akijifanya anaokota vipande vya sponji, ambavyo alikwisha kuviokota vyote.