Nilimpigia vigelegele siku aliyonisema kwa Kifaransa

Jina langu mulifiche, wapenzi, ila maneno yangu musiyafiche. Nakaribia miaka themanini, ni mjane, naishi Gisenyi, upande wa Rwanda. Masomo yangu yaliishia shule ya msingi kule Goma, ng'ambo ya mpaka, Kongo, naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie. Lakini watoto niliozaa, hakuna mama wa mtaa huu aliyenifikia.

Kifungua mimba wangu, binti, ni mfamasia. Si wa kuuza tu dukani, hapana, wa kusomea, kule Lubumbashi. Miaka ya tisini ikielekea mwisho, nchi ilipoanza mpango wake wa dawa, yeye ndiye aliyepewa kompyuta ya kwanza katika ghala la dawa la hapa kwetu. Sisi tuliita ordinateri. Alinieleza tukimenya viazi: dawa zote zipite njia moja kutoka Kigali, mashine ijue kila kituo cha afya kimebakiwa na nini, na siku moja nchi itengeneze vidonge vyake yenyewe. Nilitangaza mpaka muuza makaa akajua mwanangu anaongea na mashine.

Sasa nani alimsomesha? Baba yake alikufa mapema. Tangu tukiishi Goma, na hata tuliporudi Rwanda, mimi nilivusha dawa mpakani kwa siri: kinini za malaria, za minyoo, sirupu za watoto, nimezifunga tumboni chini ya kikwembe, kitenge changu. Askari mmoja wa mpakani aliniuliza, "Mama, hii mimba yako itazaliwa lini?" Nikamwambia Mungu ndiye anajua. Na vita vilipoziba njia ya Kigali, malori hayafiki, wamama wa Mudende walishuka kwangu na watoto wanaowaka homa. Hawakuuliza dawa imepita wapi.

Siku ya kuzindua ile ordinateri wakubwa walikuja. Nilikaa mstari wa mbele, kikwembe kipya, kilemba juu. Binti yangu akahutubia kwa Kifaransa. Changu mimi ni cha sokoni: bonjour, combien, merci. Basi nikasikia "les mamans de la frontière." Mamans najua. Frontière ndiyo kabisa, nimeivuka maisha yangu yote. Nikasema moyoni, leo mwanangu ananishukuru mbele ya watu. Nikasimama, nikapiga vigelegele, nikazunguka ili hata wa nyuma wanione.

Ukumbi ukacheka. Binti yangu akatazama viatu vyake.

Rafiki yangu Mama Zawadi, tuliyekuwa tukivuka pamoja, yeye alisoma kwa masista Nyundo. Akanivuta kikwembe. "Ikala chini, dada. Anasema wamama wa mpaka ndio sumu ya huu mpango. Anasema magendu yetu inaua batoto."

Nilikaa. Nilipiga na makofi alipomaliza, kwa sababu wote walipiga.

Nyumbani nilimuuliza. Hakupandisha sauti. "Mama, dawa zenu zilikuwa zinakaa juani, zinaharibika. Mi nilisema kazi, sikusema wewe."

Juani zilikaa, sibishi. "Hata mi nilikaa juani," nikamwambia, "na diploma yako ilitoka palepale."

Sikuvusha dawa tena. Nikaingia biashara ya viazi vya Bugeshi. Na tangu hapo, akiulizwa alisomeshwa na nani, anajibu: mama yangu aliuza viazi. Viazi vipi, jamani? Nilivianza yeye akiwa ameshapata mshahara!

Sasa anastaafu. Wanamfanyia sherehe kubwa, amenishonea nguo, anataka nisimame niseme nilivyomlea. Juzi akanipigia simu: "Mama, useme tu viazi. Kwa heshima yangu."

Nampenda mtoto huyu. Mpaka leo, nesi akitafuta jina langu kwenye mashine ili anipe dawa za presha, namwambia kazi hiyo hapa kwetu ilianzwa na mwanangu. Lakini kila nikilijaribu lile gauni nasikia kicheko cha ukumbi ule. Nikisema ukweli, namvunja siku yake ya mwisho. Nikisema viazi, najizika mwenyewe kwa mdomo wangu.

Safari hii si Kifaransa, nitaongea Kiswahili, na kila mtu ataelewa. Nyinyi wenye mama na nyinyi wenye watoto, nipeni la kufanya: niseme viazi, ama niwaambie ile mimba ya mpakani ilimzaa nani?