Karatasi ya Jumanne

Ndugu mnaonisikiliza, mimi ni mjane wa mji wa Sake. Niliingia darasani nikiwa na miaka arobaini na mmoja, na tangu hapo sikukubali mtu anisomee hata barua. Nilikuwa mzima: nililima maharagwe, niliimba kwaya, na kila baada ya miezi mitatu nilikwenda Nyabiondo kumwona mama mkwe wangu. Watu wa ukoo walipotaka kuninyang'anya shamba baada ya mazishi ya mume wangu, ni yeye aliyeketi mlangoni akakataa.

Jumapili moja niliimba nikitazama kitabu kimoja na mwenzangu aliyekuwa akikohoa. Jumatatu nikasikia kwamba ana Korona. Jumanne asubuhi nilikwenda kupimwa, kwa kuwa Jumatano nilikuwa na safari ya Nyabiondo. Kipimo hakikuonyesha virusi. Niliomba matokeo yaandikwe na kupigwa muhuri, nikamwonyeshe mama mkwe.

"Mama, usikimbie," muuguzi aliniambia. "Mulikutana juzi tu. Virusi ingali kidogo, kipimo haiwezi kuiona. Ngojea siku tano zipite, urudi Jumamosi. Kama haionekane, upime tena Jumatatu. Hapo njo utaenda kwa huyo mama muzee."

"Karatasi yako inasema sina," nilimjibu. "Ao unafikiri sijui kusoma?"

Nilipanda pikipiki na kibuyu cha pombe ya ndizi. Alhamisi mchana tuliketi uani. Kwetu, aliyeleta pombe huonja kwanza mbele ya wote, ili ionekane kwamba haina sumu. Mimi nikatoa karatasi kwanza.

Wifi yangu alicheka. "Mama wa Sake analeta muhuri! Hapa muhuri yetu iko murija. Onja!"

"Muache mutoto wangu," mama mkwe akasema. "Yeye njo anasoma kwa ajili yetu sisi wote."

Nikaonja. Nikampa mrija uleule, naye akanywa kwa furaha.

Ijumaa homa ilinishika. Jumamosi sikusikia harufu ya moshi hata nilipoinamia moto. Niliharisha, nikajichafua, na yule mama, akiwa na mgongo uliopinda, aliniosha kwa mikono yake. Jumatatu vijana wanne walinibeba hadi hospitali. Jumanne mama mkwe akaanza kukohoa.

Siku tisa nilivuta hewa kwa mpira puani. Kila pumzi ilikuwa kama kupandisha gunia mlimani. Siku ya kumi wifi yangu alisimama dirishani. Hakucheka.

"Mama ameenda. Jana, saa nane."

"Alisema nini?"

"Aliuliza kama umepona."

Nimepona, ikiwa huku ni kupona. Nikipanda kwenda shambani napumzika mara tatu. Shamba lenyewe sasa linadaiwa upya, na mlangoni hakuna aliyeketi. Ninawashukuru walionitibu, mnisamehe kwamba shukrani yangu haina wimbo.

Mkikaa karibu na mgonjwa wa Korona, msiende kwa wazee. Ngojeni siku tano nzima ndipo mpimwe, na msipoonekana na virusi, mpimwe tena baada ya siku mbili. Mkianza kuumwa kabla ya hapo, mpimwe siku hiyohiyo. Mzee atangoja.

Karatasi bado ninayo. Haikusema uongo: ilisema habari za Jumanne. Mimi ndiye niliyeisoma kana kwamba ni ya Alhamisi.