Sindano ya Mama Okech

Wateja wa Truphosa Awuor ndio waliotangulia kuona kwamba anapungua. Walikuja kibandani kwake Pasiansi kunywa mtindi, wakamtazama mikono, wakamwuliza kama amefunga ili kuombea jambo. Yeye alicheka na kuwajazia vikombe. Mtindi wake ulisifiwa mpaka Nyakato, mzito, wenye uchachu wa wastani, na siri yake haikuwa siri: maziwa yachemke, yapoe mpaka kidole kivumilie, kisha kijiko kimoja cha mtindi wa jana kiingie, ndoo ifunikwe, iachwe mahali penye joto.

Lakini kiu ilikuwa imemwandama. Alikunywa maji kama aliyetoka kulima, na safari za chooni zikawa haziishi. Mumewe, Zadok, fundi wa mashua na mzee wa kanisa, alimpeleka hospitali, wakaambiwa ni kisukari. Vidonge vilijaribiwa kwa miezi kadhaa bila kusaidia sana, ndipo daktari akasema mwili wake sasa unahitaji insulini, ya kujichoma mwenyewe kila siku. Truphosa hakuogopa sindano. Watoto wanne aliwazaa, sindano ni kitu gani. Akafundishwa, akapewa vichupa vyake, akavipanga kwenye friji ya maziwa na maisha yakaendelea.

Mambo yaliharibika kwa maneno ya jirani. Hatua chache kutoka kibandani kwake kulikuwa na banda la kitimoto, nyama ya nguruwe ya kuchoma, la Shigela, Msukuma mwenye mwili mkubwa na utani usiokauka. Kila siku humkaribisha Truphosa aje aonje, na kila siku Truphosa, Msabato wa kuzaliwa kutoka Shirati, humjibu kwamba atakuja siku ziwa likikauka. Siku hiyo Shigela alimwona ametoka kliniki na kifuko cha dawa, akauliza, akaambiwa.

"Basi umeshakuwa mteja wangu, mama Okech," alisema huku akigeuza nyama. "Hiyo dawa inatoka kwenye kongosho la nguruwe. Marehemu baba alichomwa miaka mingi, daktari mwenyewe ndiye aliyemwambia."

Alisema kwa utani, akarudi kwenye jiko lake. Kwa Truphosa neno lile lilishuka kama mwiba wa samaki. Tangu utotoni hajawahi kuigusa nyama ile, hata sufuria iliyopikiwa hakuwahi kuiazima, na sasa alikuwa akiiingiza kwenye damu kwa mkono wake. Hakumwambia mumewe. Aliona haya, na aliogopa kuwa Zadok naye, kama mzee wa kanisa, ataingia kwenye mtihani. Akaacha tu kujichoma. Vichupa vilibaki kwenye friji nyuma ya ndoo za mtindi, na akiulizwa husema ameshachoma.

Kuacha kwake hakukuchukua muda mrefu kuonekana. Jumamosi mchana, kwenye mazoezi ya kwaya ya kanisa, sauti yake ya pili ilikatika katikati ya wimbo, na wenzake walipogeuka walimkuta Truphosa ameketi sakafuni, anahema kwa kasi, pumzi inanuka kama matunda yaliyooza. Zadok alimbeba mpaka kwenye gari la mchungaji. Hospitali walimtundikia maji na kumchoma insulini akiwa hajitambui. Alipopata fahamu jambo la kwanza aliloliuliza ni wamemchoma nini, na alipojibiwa akaanza kulia.

Muuguzi wa zamu aliitwa Winnie, binti wa umri wa kitindamimba wake. Alivuta kiti, akamwamkia shikamoo kana kwamba ndiyo kwanza wanakutana, akamwuliza analia nini. Ndipo Truphosa akasema yote, nguruwe, kongosho, baba yake Shigela, huku Zadok akisikiliza na kofia yake mkononi.

Winnie hakucheka. Alisema Shigela hakudanganya, ila habari zake ni za zamani. Kweli insulini iliwahi kutolewa kwenye makongosho ya nguruwe na ng'ombe, na yalihitajika mengi mno kupata dawa kidogo. Baadaye wataalamu wakavumbua njia nyingine. Walichukua yale maelekezo ya kutengeneza insulini yaliyomo ndani ya vinasaba vya binadamu, wakayapandikiza kwenye bakteria, vijidudu ambavyo jamii yao inaishi hata kwenye utumbo wetu. Vile vijidudu vikayafuata. Vinafugwa kwenye matangi makubwa kiwandani, vinazaana, na vinatengeneza insulini ileile ambayo mwili wa Truphosa ulikuwa ukiitengeneza alipokuwa mzima. Kampuni nyingine, akaongeza, zinatumia hamira, ndugu wa hii ya maandazi.

Truphosa alijifuta machozi. Akauliza kama ni kama mtindi, kwamba unatia kijidudu, unakiweka penye joto na chakula, kinakufanyia kazi. Winnie akakubali kwamba ni jamaa wa karibu.

"Lakini kwenye mtindi hao wadudu wenyewe tunawanywa," Truphosa alisema. "Hawa wananiingia?"

"Hapana, mama. Wanauawa na kuondolewa wote, dawa inasafishwa mpaka inabaki peke yake. Wewe unachukua kazi ya mikono yao tu."

Zadok aliweka kofia kichwani. Alimwambia mkewe, kwa sauti ya chini, kwamba hata ingekuwa ya nguruwe yeye angemsihi achome, na maswali ya kanisani angeyajibu mwenyewe. Truphosa alimtazama kwa muda. Miaka thelathini ya ndoa, na alikuwa amemficha jambo kwa kumhofia bure. Akamwomba amletee uji, usiwe na sukari.

Kesho yake Shigela alifika wodini na soda mbili baridi kama zawadi ya mgonjwa, na Winnie akamnyang'anya zote mbili mlangoni. Alikuwa mnyonge, mtu mkubwa vile amesimama miguuni pa kitanda akishikashika reli. Aliomba radhi. Truphosa alimsamehe, kisha akamweleza habari za matangi na vijidudu kirefu kiasi kwamba mgonjwa wa kitanda cha pili aliomba arudie mwanzo. Shigela aliondoka akisema angekuwa na wafanyakazi kama hao bandani asingelala njaa.

Mwili ulirudi taratibu. Kwanza mashavu, kisha sauti ya pili kwenye kwaya. Mwisho wa kiangazi akapata nguvu ya kwenda Shirati kumwona mama yake, safari aliyokuwa ameiahirisha mara mbili kwa kuumwa. Dawa aliibeba kwenye chupa ya chai ya mdomo mpana, iliyotiwa maji baridi na barafu kidogo, kichupa kimefungwa kwenye kitambaa kisigandishwe.

Mama yake ni bibi wa miaka themanini na kitu, macho bado makali. Alipomwona bintiye akijichoma tumboni aliomba aelezwe, na alipoelezwa aliomba kichupa. Akakiinua kuelekea mlangoni kwenye mwanga wa ziwa, akakigeuza huku na huku.

"Siwaoni," alisema.

"Hawamo, mama. Wamebaki kiwandani."

Bibi akatafakari. Akauliza kama huko kiwandani wanalishwa vizuri, maana kazi wanayofanya si ndogo. Truphosa akakumbuka kwamba hilo alishamwuliza Winnie.

"Wanalishwa sukari," alisema.

Mama yake alimkodolea macho, kisha akaanza kucheka, kicheko cha kimya kinachotikisa mabega. Alicheka mpaka akalazimika kumrudishia kichupa, asije akakidondosha.