Abee ya Bibi Yangu

Kila alasiri, nikisharudi skuli na kula, bibi yangu alinitaka nimsomee ukoo. Si ukoo wetu, maana sisi hatukuwa nao. Alitaka ule ulioandikwa mwanzoni mwa Injili, fulani kamzaa fulani, ukurasa mzima wa watu wenye majina magumu ambao, kwa nilivyoona mimi, hawakuwa na kazi nyingine duniani ila kuzaa. Nilichoka nao. Lakini bibi ndiye aliyenilea, na macho yake yalikuwa hayaoni tena herufi, kwa hiyo nilisoma huku nimenuna.

Tulikaa Mkunazini, mjini Unguja, chumba cha juu, nyuma ya kanisa kubwa. Dirisha letu lilitazamana na la jirani yetu, mjane wa Kiislamu aliyeshona kofia kwa mkono, na uchochoro ulikuwa mwembamba hata aliweza kutupitishia sahani ya chakula kwa kunyoosha mkono tu. Saa hizo mji ulikuwa umelala. Harufu ya karafuu ilikuja kutoka maghala ya bandarini, jua likapenya mbao za dirisha na kulala sakafuni kwa mistari, na mimi mwenyewe nilisoma nusu niko macho, nusu niko usingizini. Majina yakageuka watu. Niliwaona wanapanda ngazi yetu ya mbao mmoja baada ya mwingine, wazee waliojitanda mashuka yenye vumbi la safari, wanapita chumbani bila kusema neno na kutokea upande wa pili. Nikinyamaza, bibi hunigusa goti na kuniuliza nimefika wapi.

Kwetu mwanamme akiitwa huitika naam, mwanamke huitika abee. Katika ukoo ule wanawake ni wachache mno, na kila nilipomfikia mmoja wao, bibi, macho kafumba, aliitika, "Abee." Alimwitikia yule mjane wa kitabuni aliyekaa njiani kajifunika uso. Alimwitikia yule wa nyumba ya ukutani aliyewaficha wapelelezi, na yule mgeni aliyeokota masazo ya shayiri katika shamba la watu. Yuko pia mmoja ambaye hata jina hakupewa, kasemwa tu kwamba alikuwa mke wa mtu. Huyo bibi alimwitikia kwa sauti ya juu kuliko wote.

"Bibi, na wanaume nani atawaitikia?" nilimuuliza kwa kejeli.

"Wanaume wana wa kuwataja tokea asubuhi. Soma."

"Na huyu asiye na jina, wajuaje kama kaitwa?"

"Hakutajwa, lakini kahesabiwa. Soma, mtoto we, usinchoshe."

Ilikuwa miaka ya hamsini, watu walipoanza kuulizana asili kila barazani. Siku moja ya vuli msichana mwenzangu wa skuli aliniuliza asili yangu wapi, nikakosa la kumjibu, wenziwe wakacheka. Nilirudi nyumbani nimevimba kwa hasira. Sikushika kitabu. Nilimsimamia bibi pale kitini pake nikamuuliza mama yake alikuwa nani.

Bibi alinyoosha kanga yake magotini. Kisha akaniambia kwamba aliletwa Unguja mdogo sana, katika chombo cha watumwa kilichokamatwa na manowari ya Kiingereza, akakabidhiwa mabibi wa misheni. Wakambatiza, wakampa jina. Kila asubuhi watoto walipangwa mstari wakaitwa, na kila mmoja akaitika lake.

"Hili jina la misheni nimeliitikia toka hapo," alisema. "Lile alonipa mama limenipotea. Na la mama mwenyewe silijui, mie nilikuwa namwita mama tu." Akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Nnaogopa, mjukuu wangu. Siku ya kufufuliwa mama ataniita kwa jina alonipa yeye, na mie n'takaa kimya. Atadhani sikuja."

Hasira ilinitoka yote. Nililia, nikampigia magoti na kumlalia mapajani. Kumbe alasiri zote zile alikuwa akijizoeza.

Ndipo sauti ya jirani ikaja kutoka ng'ambo ya uchochoro. "Shoga, nisamehe, nimesikia. Madirisha haya hayana siri."

Bibi hakugeuka. "Si neno, shoga."

"Sisi maiti akishazikwa husomewa talkini, akumbushwe la kujibu huko kaburini. Marehemu mume wangu ndiye alokuwa akisoma. Basi maiti haitwi kwa jina la babake. Huitwa kwa la mamake, fulani mwana wa fulani."

"Na asiyejulikana mamake?"

"Huitwa mwana wa Hawa. Hakuna akosaye mama."

Bibi alifikiri. "Hiyo dini yenu, shoga."

"Kwani Hawa wenu nyie mwengine?" jirani akajibu, akarudi kwenye kofia yake.

Tangu siku ile bibi alinyamaza. Nilisoma, nikafika kwa wale wanawake, na yeye hakuitika. Nilipandisha sauti, wapi. Akanitaka nimsomee ukoo ule mwingine, wa Injili nyingine, unaokwenda kinyume, unaopanda kutoka kwa mtoto hadi kwa babu wa mababu, mpaka Adamu, mpaka Mungu mwenyewe. Huko mwanamke hata mmoja hayumo. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama mkewe Adamu katajwa. Nikamwambia hakutajwa. Akatikisa kichwa, na mimi nikaogopa kwamba nimempokonya hata kile kidogo alichokuwa nacho. Nilizitamani zile abee zake nilizokuwa nikizicheka. Watu wakiniambia leo kwamba kurasa zile zinachosha, sibishani nao, maana najua kuna mtu mahali fulani anayezisikiliza akitafuta pa kuingilia.

Ramadhani ikaingia. Jioni moja nilikuwa nasoma polepole, karibu na adhana ya magharibi, na bibi alikuwa kasinzia kitini, kidevu kimeegemea kifua. Jirani alitokea dirishani na sahani ya futari, muhogo wa nazi unaofuka moshi. Siku zote alimwita bibi kwa jina lake la ubatizo. Siku hiyo alimtazama kwanza, akavuta pumzi, akaita:

"Ewe mwana wa Hawa!"

"Abee!"

Bibi alikuwa bado kafumba macho. Haikuwa sauti yake ya kila siku. Ilikuwa nyembamba, ya haraka, ya mtoto aliyeitwa na mamake kutoka mchezoni. Kisha akafumbua macho akatutazama, mimi na jirani, mmoja baada ya mwingine.

"Pokeeni basi, mkono wauma," jirani alisema.

Niliinuka nikaipokea sahani mimi, kwa sababu bibi alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, kanga kaishika mdomoni.

"N'taitika," alisema. "Kumbe n'taitika."