Kompyuta ya Ukutani kwa Bibi

Kaka yangu alinipigia simu nikiwa nimeifungua kompyuta ya ofisi moja hapa mjini Mpanda, nikipuliza vumbi jekundu lililokuwa limejaa ndani kama unga. Hakunisalimia sana. Aliniambia nyumba ya Bibi kule Mwamkulu inavunjwa, panajengwa nyumba ya tofali, na chumba kimoja humo ni changu, cha kompyuta. "Chora kila kitu unachokitaka," akasema. "Gharama niachie mimi." Mpunga wake ulikuwa umekubali mwaka huo, na mtu akishavuna vizuri maneno yake nayo huwa mapana.

Nilicheka, rafiki yangu, nikacheka mpaka mwenye ofisi akageuka kunitazama. Swali lile nilishaulizwa zamani, nikiwa darasa la sita, na nilishalijibu. Jibu langu lilikuwa na ukubwa wa mlango, na lilikuwa ukutani kwa Bibi.

Ngoja nikupeleke huko. Sisi ni Wasukuma wa kuhama. Babu zetu walikuja Katavi wakifuata malisho, na mpaka nazaliwa bado nyumbani kwetu mtu aliulizwa kwanza habari za ng'ombe ndipo aulizwe habari za watoto. Nililelewa na Bibi, mama wa baba yangu. Asubuhi yetu ilikuwa sauti ya njuga za ng'ombe wakitoka zizini, kaka yangu akipiga miluzi nyuma yao, na mimi nikitikisa kibuyu cha maziwa huku nimekaa juu ya kigoda. Tulikula michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, tukishushia na maziwa ya mgando. Mpaka leo nikila keki nzuri kiasi gani, ulimi wangu unauliza michembe iko wapi.

Bibi alikuwa na majivuno ya aina moja tu: kuta zake. Mavuno yakishaingia ndani, alikandika nyumba yote upya, nje na ndani. Udongo wa kichuguu, samadi mbichi, maji, na kitu cha nne ambacho alikitia akiwa ametupa mgongo. Alipaka kwa kiganja, akazungusha mkono, na ukuta ukatoka laini hata ukauonea huruma kuuegemea. Wanawake wa jirani walipita makusudi kutazama. Bibi alijifanya hawaoni.

Kazi yangu mimi ilikuwa kuosha ukuta kabla hajaanza. Nilichovya bunda la nyasi kwenye ndoo nikafuta masizi na majivu yote yaliyoruka kutoka jikoni. "Udongo haushiki kwenye majivu," alisema kila mwaka, na kila mwaka mimi nilidhani ni maneno ya watu wazima. Basi mwaka mmoja nikavivia kona moja. Wiki haijaisha, jirani yetu wa Kikonongo, mama mmoja mwenye macho makali kama ya mtahini, alikuwa amekaa kwenye kona hiyohiyo, amewekewa sahani ya michembe na karanga. Kipande cha ukuta chenye upana wa ungo kikabanduka polepole, kizima kizima, kikatua kwenye sahani. Nyuma yake ukuta wa zamani ulikuwa pale pale, na majivu juu yake, kavu. Bibi hakunipiga. Alikataa kunitazama siku mbili, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Lakini somo lilikaa: majivu hutenganisha udongo na udongo.

Sasa twende shuleni. Mwaka ule wa darasa la sita, somo la kompyuta lilifika kabla ya kompyuta. Mwalimu wetu, kijana mwembamba mwenye baiskeli iliyokuwa ikilia kuliko kengele ya shule, alituchorea ubaoni sanduku, akasema hii ni skrini. Akachora ubao chini yake, akasema hii ni kibodi, ina vitufe vya herufi zote. Hatukuwa na picha. Umeme ulikuwa haujafika, na nafikiri hata mwalimu mwenyewe kompyuta alikuwa ameiona kwa mbali. Mwisho wa kipindi akatupa kazi ya nyumbani: kila mtu achore kompyuta ambayo angependa kuwa nayo kwao, na asiwaze bei.

Asiwaze bei! Wenzangu walishindwa. Mmoja aliandika kwamba baba yake hatakubali. Mimi na kaka yangu tulikuwa na mazoea. Tangu tukiwa wadogo tulifinyanga ng'ombe wa udongo kule kisimani, na ng'ombe wa udongo hawana mwisho. Ukiishiwa unainama unachota wengine. Mimi nilikuwa na mifugo mingi kuliko mtu yeyote Mwamkulu. Kwa hiyo neno "usiwaze bei" halikunitisha hata kidogo.

Daftari halikutosha. Nikaenda kwenye ukuta wa sebuleni, ule unaotazamana na mlango, nikaanza kufinyanga. Nilikaa nao siku tatu. Skrini zilikuwa tatu, si moja. Ya kwanza ya kuonyesha ng'ombe wako wapi, ili kaka asipigwe wakipotea. Ya pili ya kuonyesha mvua iko wapi na inakuja lini. Ya tatu ya kwangu peke yangu, na sikumwambia mtu ya nini, kwa sababu nilikuwa sijui. Printa ilikuwa na mdomo mpana kama wa kiboko, ya kutoa madaftari yaliyokwisha kupigwa mistari. Umeme je? Nilizika betri nne kubwa za redio kwenye udongo, zilizokufa, nikavuta mstari wa waya kutoka kwenye betri mpaka kwenye skrini. Chini nikapanga kibodi. Kila kitufe nilikitengeneza kwa ncha ya kidole gumba, kikatokeza kama karanga, na juu yake nikachora herufi kwa mwiba: A, B, C, D, mpaka Z. Herufi zote, kama mwalimu alivyosema, na kwa mpangilio ambao mtu yeyote mwenye akili angeuweka.

Bibi alitoka shambani akasimama mlangoni na jembe begani. Nilijua nimeharibu ukuta wake. Aliuliza ni nini, nikamweleza skrini moja baada ya nyingine. Nilipofika kwenye ile ya ng'ombe akaweka jembe chini. Akauliza kama inaweza kumwonyesha yule dume mwekundu aliyepotea masika yaliyopita. Nikasema inaweza. "Basi iache," akasema.

Mwalimu akaambiwa kazi yangu haibebeki. Akaja na baiskeli yake jioni, akavua kofia, akatazama muda mrefu. Kisha akachukua mwiba wangu na, udongo ukiwa bado mbichi, akachora alama ya vema kubwa pembeni. Sijawahi kupata cheti kikubwa kama ile vema, na vyeti ninavyo.

Jirani naye alikuja. Alisema nyumba imeota vipele. Bibi akamjibu kwamba vipele vya nyumba yake vinajua kusoma. Tangu siku hiyo kila mgeni alisimamishwa pale kwanza, kabla hajapewa hata maji, na Bibi ambaye hakujua A wala Z alimweleza skrini zote tatu bila kukosea. Wakati wa kukandika ulipofika, alipaka ukuta mzima akazunguka kompyuta yangu kwa kidole, polepole, kama mtu anayemnyoa mtoto. Watu wa kijijini walisema mama yule ameanza kuacha kazi nusu. Kwa mwanamke kama Bibi hilo halikuwa jambo dogo. Alilimeza.

Nami nilikaa pale kila siku nikichapa. Vidole kumi. Niliandika barua, niliandika majina ya ng'ombe, niliandika hotuba za rais ambaye ni mimi. Nilipofaulu darasa la saba na kwenda sekondari mjini, nikikaa kwa shangazi Nsemulwa, nilikuwa na hakika kwamba kompyuta ikiletwa mbele yangu itanitambua.

Ikaletwa. Ilikuwa moja, wanafunzi tumeizunguka, na mwalimu wa pale akauliza nani anajua kuchapa. Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza. Nikakaa, nikaweka vidole, nikatazama chini. Herufi zilikuwa zimetawanyika kama kuku walioona mwewe. A iko huku, B imekwenda kule chini, Q mbele ya wote kama mwenye mji. Vidole vyangu vilikwenda mahali vilipopajua, na kwenye skrini yakatoka matapishi. Darasa lilicheka. Mmoja akauliza mimi nilijifunzia kompyuta gani, nami kwa ujinga wangu nikasema ya ukutani kwa Bibi. Jina hilo, "Ya Ukutani," nilitembea nalo mpaka kidato cha nne.

Likizo ilipofika nilifika nyumbani na hasira zangu zote. Nilimkuta Bibi anachambua karanga. Sikukaa hata chini.

"Bibi, ule ukuta ufute. Ni makosa matupu."

"Mwalimu wako aliweka vema."

"Hata yeye alikosea."

Alinitazama. Akaweka karanga moja kwenye ungo, akachukua nyingine. "Nimesikia, mayu," akasema, akiniita vile sisi tunavyomwita mtoto wa kike kwa heshima, na hilo tu ndilo lililoniuma.

Likizo iliyofuata ukuta ulikuwa laini. Mtupu, umenyooka, kama hapakuwahi kuwa na kitu. Ulivimba kidogo tu katikati, nikadhani mkono wa Bibi umeanza kuzeeka. Nilipumua kwa nafuu siku moja. Siku ya pili nilijikuta nimesimama mbele yake na vidole vyangu vinacheza hewani. Lakini ningemwambia nini? Nimemfutisha kitu ambacho kwa ajili yake alivumilia maneno ya kijiji kizima. Sikusema. Nilijifunza zile herufi zilizotawanyika, nikazishinda, nikaenda chuo, na Bibi akafariki nikiwa huko. Nimetengeneza kompyuta za watu wengi tangu hapo, na kila ninaposafisha kibodi nakumbuka kwamba sikusema.

Siku ya kuvunja nyumba nilikuwepo, karatasi yangu ya mchoro mkononi. Usinicheke, nilikuwa nimechora kila kitu: skrini tatu, kubwa, printa ya kutoa vitabu, betri za sola ukuta mzima ili mgao wa umeme usinisumbue. Kaka alikuwa na kamera kule zizini zinazoonyesha ng'ombe kwenye simu. Nilimfungia mimi mwenyewe, na anawaonyesha wageni kama Bibi alivyofanya. Jirani yetu wa Kikonongo, mzee sasa, alikuwa ameletewa kiti aangalie.

Fundi akagonga ukuta wa sebuleni kwa nyundo, pigo moja tu la kujaribu. Udongo haukuvunjika. Ulibanduka mzima mzima, polepole, kama ule wa kwenye sahani ya michembe, ukaanguka chini, na wingu la majivu likapanda mpaka usoni kwetu.

Majivu yalipotulia nikaziona skrini tatu. Printa. Betri nne, zimepata kutu. Kibodi yote, kuanzia A, kila kitufe kimesimama. Na pembeni vema ya mwalimu.

Kaka alimwambia fundi aweke nyundo chini. Ni jirani aliyesema, bila kuinuka. Alisema siku ya kuufuta ule ukuta alimkuta Bibi anaupaka majivu mazito kwa kiganja, juu ya vitufe vyangu, kingo tu ameziacha safi, akamuuliza kama amesahau kazi yake mwenyewe, udongo hautashika. Bibi akamjibu kwamba ndivyo anavyotaka. "Aliniambia, 'Mtoto amekasirika tu. Akipoa atautaka,'" alisema jirani. "Akaniapisha nisiseme mpaka upoe. Sasa wewe ulikuwa hupoi."

Nilipiga magoti kwenye majivu nikaweka vidole kumi. Baada ya miaka yote hiyo ya herufi zilizotawanyika vidole vilikwenda vyenyewe, bila kutazama, nikaandika jina la Bibi herufi kwa herufi. Kitufe cha mwisho kilimomonyoka chini ya kidole changu. Udongo ulikuwa umechoka.

Ukuta haukuhamishika, tulijaribu, ukamwagika. Leo nyumba ya tofali imesimama, chumba kimekamilika, na mtu akiingia namsimamisha mlangoni nimweleze skrini zote tatu kabla hajapewa maji. Najisifu, najua, nimerithi. Ukuta mmoja tu nilikataa usipigwe saruji. Nimeukandika mwenyewe mara mbili na mara zote mbili umepasuka, kwa sababu kile kitu cha nne ambacho Bibi alikitia akiwa ametupa mgongo hakuna anayekijua, hata jirani, na hakiuzwi dukani kwa gharama yoyote ambayo kaka yangu angeweza kulipa. Nyumba za kukandika zinaisha Mwamkulu, na mikono iliyokuwa ikizijua inaisha nazo. Mavuno haya nitajaribu mara ya tatu. Nimeshaosha ukuta, hakuna majivu hata chembe.

Nimepoa, Bibi. Nautaka.