Cheti Kilichovishwa Plastiki

Kuna nyumba ambazo rimoti ya televisheni hufungwa nailoni siku inayonunuliwa, na haifunguliwi mpaka televisheni yenyewe ife. Dada Gundi alizaliwa katika nyumba ya namna hiyo. Makochi yalivaa vitambaa, vitambaa vikavaa plastiki, na mgeni akijisogeza kidogo tu mlio ulisikika hadi jikoni, naye akabaki kutazama dari kama vile si yeye. Baba yake, mtunza stoo mstaafu wa hospitali, aliishi kwa sera moja: kitunze kikutunze. Katika miaka thelathini na moja ya utumishi, halikutoka shuka wala bomba la sindano stoo kwake bila yeye kuumia kidogo moyoni.

Binti alirithi ugonjwa huo huo, tofauti ni kwamba yeye alilipwa mshahara kwa kuugua. Alikuwa mjalidi wa vitabu katika chumba cha nyuma cha maktaba. Kazi yake ilikuwa kushona kurasa zilizochomoka, kubandika migongo iliyovunjika, na kuwatukana kimoyomoyo wasomaji wanaokunja pembe za kurasa ili wasipapoteze walipofikia. Jina la Gundi alipewa na wenzake kazini kwa sababu harufu yake ilitangulia kufika kantini.

Aliifanya kazi hiyo miaka kumi na minne. Katika sita ya mwisho aliandika maombi mara tatu kwa chuo kimoja cha ng'ambo kinachofundisha kutengeneza nyaraka kuukuu, zile ambazo ukizipumulia vibaya zinageuka unga. Mara mbili walimkataa. Mara ya tatu walimkubali, kwa barua yenye masharti: asiwe ametimiza miaka thelathini na tisa, na afike mwenyewe kujisajili, na cheti halisi cha ufundi mkononi, kabla ya saa kumi alasiri ya siku ya kufungua. Asiyetokea, nafasi yake inakwenda kwa anayefuata kwenye orodha. Dada Gundi alikuwa na miaka thelathini na minane na miezi saba. Maombi ya mara ya nne hayakuwepo.

Mtu angetegemea kwamba aliyeitwa kwa barua rasmi ataruhusiwa kuitika mapema. Ubalozi ulikalia pasi yake wiki tisa, ukaiachia siku moja kabla ya chuo kufunguliwa, kama jirani anayerudisha sufuria shughuli ikiwa imekwisha. Ndege iliyopatikana ilikuwa ya kutua asubuhi ya siku ile ile ya kufungua.

Baba alimfuata hadi uwanja wa ndege na bahasha ya kaki iliyozungushiwa seloteepu mara tatu. Cheti kilikuwa kimelala miaka yote ndani ya sanduku lake la chuma, chini ya kitanda, na ufunguo alikuwa nao yeye peke yake.

"Cheti chako hiki," akasema. "Nimekitengeneza."

"Umekitengenezaje, Baba?"

"Wewe nenda. Na usifunguefungue njiani, kitaingia vumbi."

Foleni ilikuwa inamsukuma kwa nyuma, na jina la ndege yake lilikuwa linatangazwa kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukata tamaa na abiria. Akaitia bahasha kwenye mkoba, akambusu baba yake, akaenda.

Uwanja aliotua ulikuwa na madirisha sita ya uhamiaji. Lililofunguliwa ni moja. Katika yale matano mengine palikuwa na viti vizuri sana, vinavyozunguka.

"Umekuja kufanya nini?" akaulizwa, baada ya saa moja na nusu ya kusimama.

"Kusoma."

"Kusoma nini?"

"Kutengeneza karatasi za zamani."

Afisa alimtazama kwa huruma. "Kwa nini msitumie mpya?"

Alipita hapo saa sita kasorobo. Akaangukia mikononi mwa forodha, kwenye meza ambayo mkoba wake ulimwagwa wote. Afisa wa pale, mwanamke mwenye glavu, alinyanyua kitu kimoja kwa ncha za vidole viwili. Kilikuwa kipande chembamba cha mfupa, kirefu kama kiganja, laini kama sabuni iliyotumika. Kila mjalidi anao wake, wa kukunjia karatasi bila kuiumiza. Huu Dada Gundi aliachiwa na fundi aliyemfundisha kazi.

"Hiki nini?"

"Kifaa changu cha kazi. Cha kukunjia karatasi."

"Ni mfupa?"

"Ni mfupa."

"Wa mnyama gani?"

"Ng'ombe."

"Una hati ya daktari wa mifugo?"

"Ya nani?"

"Ya huyo ng'ombe."

Dada Gundi alieleza kwa adabu kwamba ng'ombe mwenyewe ni marehemu tangu kabla yeye hajazaliwa, na kama alikuwa na ugonjwa, basi alikufa nao. Afisa akajibu kwamba hilo ndilo hasa ambalo hati ingethibitisha. Mfupa ukatumbukizwa ndani ya pipa la manjano, juu ya ndizi mbili na nusu ya mkate wa mtu. Akapewa fomu atie sahihi. Kwa hiyo iko ofisi duniani inayotunza, kwa uangalifu kuliko ilivyoutunza mfupa, karatasi inayosema kwamba abiria huyu alikutwa na "mabaki ya mnyama, kipande kimoja".

Hasira hasara, husema watu ambao hawajanyang'anywa kitu asubuhi hiyo. Dada Gundi alipanda nayo basi la kwenda mjini, akasimama nayo njia nzima, akashuka nayo kwenye geti la chuo saa nane na dakika kumi. Mlinzi wa geti hilo akamwambia wanafunzi wapya wanaingilia geti la upande wa pili. Akakizunguka chuo kizima akiburuta sanduku lililovunjika gurudumu moja. Mlinzi wa upande wa pili akamsikiliza kwa makini.

"Nani kakwambia uje huku?"

"Mwenzako."

"Yule?" Akacheka. "Yule mgeni."

Saa tisa kamili, baada ya kukizunguka chuo tena hadi geti la kwanza, alikuwa kwenye foleni ya usajili, ghorofa ya kwanza, watu tisa mbele yake. Ukutani palikuwa na tangazo: HATI ZILIZOTIWA PLASTIKI HAZIPOKELEWI. Alilisoma, na kwa mara ya kwanza siku ile moyo wake ukatulia. Hapa amefika kwa watu wanaojua kazi. Plastiki ya mashine ya moto, ile ambayo kila duka la fotokopi hubania karatasi katikati ikawa kama kadi, ni adui wa kwanza wa mjalidi. Humeza karatasi nzima nzima na haitemi. Aligundua pia kwamba tangazo lenyewe lilikuwa limetiwa plastiki, lakini akalisamehe.

Walipobaki watu watatu, akatoa bahasha ili asimcheleweshe karani. Akachana seloteepu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akaingiza mkono, vidole vikateleza.

Baba alikuwa amechagua plastiki nene kuliko zote. Cheti kilimeremeta. Ungeweza kukiosha pamoja na vyombo.

Karani wa usajili alikuwa mwanamume wa makamo, miwani shingoni kwa kamba, wa wale wanaosema "tatizo" kwa utamu kama wengine wanavyosema "karibu". Akakipokea cheti, akakigonga kwa kucha. Kikalia *ta, ta*.

"Dada, hiki si cheti. Hii ni sahani."

"Ni cheti halisi. Kiko ndani."

"Naona kiko ndani. Ndiyo tatizo." Akaeleza kwamba kila cheti halisi lazima kigongwe muhuri nyuma, ili kisitumike kuombea chuo kingine. Akajaribu, ili asiambiwe ana roho mbaya. Muhuri ulikaa juu ya plastiki sekunde moja, kisha wino ukatiririka kama machozi ya mamba. "Unaona?"

"Naona. Naomba basi niingie karakana yenu ya nyaraka, iko hapa hapa chini. Wana vifaa. Nitaitoa mwenyewe nusu saa."

"Karakana ni ya wanafunzi waliosajiliwa."

"Nisajili, basi."

"Lete cheti kisicho na plastiki."

"Nikitoe wapi plastiki?"

"Karakana wanatoa vizuri sana," karani akasema, kwa fahari ya kweli. "Chuo chetu kinasifika kwa hilo."

Dada Gundi aliuliza kama anaweza kumwona mkubwa wake. Mkubwa akaja, akakipokea cheti, naye akakigonga kwa kucha, akasema kanuni ni kanuni. Saa ya ukutani ilionyesha tisa na dakika ishirini na tano. Kwa nyuma, mwenzake kwenye foleni alikuwa anakohoa kile kikohozi ambacho si cha mafua.

Akatoka, akaketi kwenye benchi la korido na cheti magotini. Hasira aliyokuwa nayo ilikuwa imegawanyika mafungu, na fungu kubwa kuliko yote lilikuwa la baba. Miaka kumi na minne anawaambia watu, hadi mezani nyumbani, jamani karatasi inapumua. Mzee alikuwa akiitikia kwa kichwa huku akiivisha rimoti nailoni mpya.

Mama wa chai alipita akisukuma toroli lake, akasimama.

"Mwanangu, unalia au unafikiri?"

"Nafikiri, mama."

"Wote husema hivyo."

Dada Gundi akatazama toroli. Juu yake palikuwa na birika kubwa la bati, kitako bapa, likitoa mvuke.

"Birika lako lina moto kweli?"

"Chai yangu haijawahi kulalamikiwa na mtu," mama wa chai akasema, akiwa ameudhika kidogo.

"Sihitaji chai. Nahitaji kitako."

Waliweka kitambaa safi cha kufutia vikombe juu ya benchi, na cheti juu yake, uso chini. Mkasi mama wa chai alikuwa nao, wa kukatia pakiti za maziwa. Dada Gundi akakata ukingo wa plastiki pande tatu, unywele mmoja tu kutoka kwenye karatasi. Kisha akashusha birika juu ya kona na kuhesabu hadi ishirini. Gundi ya plastiki hulegea kwa joto. Ikizidi, karatasi huungua, ikipungua, huchanika. Uso wenye maandishi hakutaka kuugusa kabisa, kwa sababu pale wino ungefuatana na plastiki. Alichohitaji ni mgongo tu.

"Sasa ningekuwa na mfupa wangu," akanong'ona.

"Mfupa?"

"Wameunyang'anya. Eti ng'ombe hana hati."

Mama wa chai hakuomba ufafanuzi. Akampa kijiko cha kukorogea, akakigeuza mpini mbele. Dada Gundi akauingiza mpini chini ya plastiki iliyolegea na kuanza kuivuta polepole, ikiwa imelala karibu na karatasi, kidole kwa kidole. Birika, hesabu, mpini. Birika, hesabu, mpini. Mahali fulani karatasi ililalamika, unyuzi mweupe ukanyanyuka; akasimama, akapasha tena, akaendelea. Watu wawili wa foleni walikuja kutazama. Mmoja akauliza kama hilo ni sehemu ya mtihani wa kuingilia.

Saa kumi kasoro dakika saba alikuwa mbele ya karani tena. Karani alikigeuza cheti. Mbele kilimeremeta. Nyuma kilikuwa karatasi tupu, yenye manyoya kidogo, na joto bado.

"Mbele bado kuna plastiki."

"Muhuri unagongwa wapi?"

"Nyuma."

"Nyuma kuna nini?"

Karani alifungua kabrasha la kanuni, akavaa miwani, akasoma kwa kidole. Dada Gundi alimwangalia kwa utulivu wa mtu aliyeamua kwamba akikataliwa atalala juu ya kaunta ile. Kanuni ilisema muhuri ugonge karatasi. Haikusema karatasi ivae nini upande wa pili. Karani alitafuta kwenye ukurasa unaofuata pia, kwa matumaini.

Kisha akagonga. Wino ukanywewa papo hapo. Saa kumi kasoro dakika tatu.

"Ungekuja nacho hivi tangu mwanzo," akasema, "tusingesumbuana."

Alikuwa koridoni, akimrudishia mama wa chai kijiko chake, simu ilipolia.

"Umefika, mwanangu?"

"Nimefika, Baba. Nimesajiliwa."

"Afadhali. Na cheti, wamekiona?"

Alikuwa amekwisha kuipanga hotuba yake tangu kwenye foleni, yenye utangulizi na mifano. Lakini sauti ya mzee ilikuwa na furaha kama ya mtu aliyesafiri naye.

"Wamekiona. Wamekishangaa sana. Amekuja hadi mkubwa wao kukishika."

"Si nilijua! Watu wanaojua vitu hao." Akashusha pumzi ya kuridhika. "Basi kesho narudi kwa yule mwenye mashine. Nampelekea hati ya kiwanja."

"Baba!" Korido nzima iligeuka. "Hati ya kiwanja usiiguse! Umenisikia? Wala ya kiwanja wala ya ndoa wala kadi ya kliniki, usitie plastiki kitu chochote! Karatasi inapumua! Muhuri haukai! Nimekibandua na birika la chai, Baba, kwa mpini wa kijiko, zimebaki dakika saba, miaka sita yangu ilikuwa inakwenda hivi hivi naiona, na mfupa wangu wameutupa pipani na ndizi!"

Upande wa pili ilisikika nailoni ya kochi ikilia, mzee akijisogeza.

"Ngoja kwanza," akasema. "Umefika leo asubuhi. Umeshamaliza kusoma?"